Wingu Mbele, Mpaka Kando: Namna Rubani wa Ndege Ndogo Anavyobanwa

Ajali ya ndege ndogo ikitokea milimani, taarifa ya kwanza hutaja hali mbaya ya hewa. Siku zikipita hutajwa kosa la rubani, na hapo mjadala hufungwa. Maelezo hayo mara nyingi ni ya kweli, ila hayatoshi. Mawingu ya namna hiyo hukutana na marubani kila siku, na wengi wao hurudi nyumbani salama. Aliyeanguka naye aghalabu si mwanafunzi wala mzembe wa kupindukia, bali ni mtu mwenye leseni na mazoea ya kazi. Linalopaswa kuulizwa ni namna mtu wa aina hiyo anavyofikishwa mahali ambapo kila upande umeziba.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ndege ndogo haiangushwi na wingu peke yake. Huangushwa na kukosa njia ya kutokea, na njia hizo hupungua moja baada ya nyingine: mlima upande huu, giza linaloingia upande ule, mafuta yanayopungua, na mistari isiyoonekana ambayo serikali zimeichora angani kusema hapa usipite. Vyuoni hali ya hewa ni somo moja na sheria za anga ni somo jingine, kila moja na mtihani wake. Kwenye usukani huja pamoja, na huja kwa haraka.

Jicho na dakika moja

Kuna namna mbili za kuruka. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Rubani hutazama nje, akaona upeo, vilima, mito na ndege nyingine, na ni jukumu lake mwenyewe kuviepuka. Ya pili ni kuruka kwa vifaa. Rubani husoma dashibodi badala ya kutazama dirishani, mwongoza ndege hupanga nafasi kati ya chombo na chombo, na njia huwa zimepimwa mapema ili zipite juu ya kila kilima. Mashirika makubwa huruka kwa vifaa karibu wakati wote. Ndege ndogo zinazokwenda mbugani, visiwani na kwenye miji isiyo na uwanja mkubwa hutegemea macho, kwa kuwa viwanja vingi zinakotua ni vya changarawe au nyasi, bila mtambo wa kuongozea kutua, bila taa na bila mnara.

Kanuni za kimataifa zimeweka kiwango cha kuruka kwa macho. Chini ya futi 10,000 rubani anatakiwa aone mbele angalau kilomita 5. Katika sehemu kubwa ya anga linaloongozwa anatakiwa pia akae mbali na wingu kwa mita 1,500 ubavuni na futi 1,000 juu au chini. Kwa anayetembea kwa miguu kilomita 5 ni safari. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba sehemu kubwa ya watalii wa Serengeti na Maasai Mara, huenda takriban kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kilomita 5 huzimaliza kwa dakika moja.

Mgeuko wa kawaida wa nyuzi 180, ule wa kurudi ulikotoka, nao huchukua dakika moja. Kwa mwendo huo ndege huchora nusu duara yenye upana wa kama kilomita 3. Kwenye bonde lenye upana wa kilomita 2 mgeuko huo haupo. Rubani atalazimika kuinamisha bawa zaidi ili akate kona fupi, na kadiri anavyoinamisha ndivyo mabawa yanavyohitaji mwendo mkubwa zaidi ili yaendelee kuibeba ndege. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye nyanda za namna hiyo hewa ni nyepesi, injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupungukiwa nguvu, na ndege hupanda kwa uvivu. Rubani anayeingia bondeni akitumaini kupanda juu ya kingo zake huenda akakuta mlima unapanda haraka kuliko yeye.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Uamuzi wa kurudi una muda wake, na muda huo hupita wakati hali bado inaonekana ya kuridhisha. Anayesubiri hadi aone hatari kwa macho yake amekwisha kuchelewa.

Sikio linapogeuka adui

Nini hutokea mtu asiyeandaliwa kwa vifaa anapoingia winguni? Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa, wakawazuia wasione nje, kisha wakapima muda. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wa kwanza alidumu sekunde 20 na wa mwisho sekunde 480. Wastani ulikuwa sekunde 178, pungufu ya dakika tatu.

Ubaya uko kwenye mwili wenyewe. Mifereji ya sikio la ndani ina majimaji yanayohisi mzunguko unapoanza au unapokoma, si mzunguko unaoendelea kwa utulivu. Ndege ikianza kuinama polepole kushoto, sikio halina habari, na baada ya muda mfupi rubani huamini kwamba anaruka sawasawa. Akiirudisha iwe sawa, sikio humwambia sasa anaelekea kulia, naye huirudisha kushoto ili ajisikie vizuri. Ndege iliyoinama hupoteza kimo. Rubani huona mshale wa kimo ukishuka, huvuta usukani apande, na kwa kuvuta akiwa ameinama huzidi kuikaza ile kona. Ndege huzama kwa mzunguko unaobana huku aliyeishika akiamini anaiokoa.

Saa nyingi za kuruka kwa macho hazimkingi mtu na hilo. Mazoezi ya vifaa humkinga, tena yawe ya karibuni. Leseni iliyopatikana miaka mingi iliyopita, bila mazoezi ya mara kwa mara, ni karatasi tu winguni.

Milima yetu na saa zetu

Afrika Mashariki ina jiografia inayotengeneza mtego huu kwa ustadi. Pepo za Bahari ya Hindi huleta unyevu, unyevu hukutana na nyanda za juu, husukumwa kupanda, hupoa, huwa wingu. Hivyo wingu hukaa pale pale penye mlima. Rubani anayepita tambarare huona anga jeupe nyuma yake, kulia na kushoto, na kiraka kimoja tu cha kijivu mbele. Ndani ya kiraka hicho ndimo jiwe lilimo.

Orodha ya misiba inathibitisha. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Y-12, iliyobeba viongozi waliokuwa kwenye safari ya upatanishi, iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 17 walikufa 14, akiwemo aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Bonaya Godana. Marsabit ni mlima uliosimama peke yake kwenye nyika kavu. Tarehe 15 Novemba 2017 Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka karibu na kreta ya Empakaai, kwenye nyanda za Ngorongoro, na watu wote 11 wakafa. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan nyingine, iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10, ilipotea kwenye Milima ya Aberdare. Ukungu na mvua viliwazuia waokoaji, na mabaki yakaonekana tarehe 7 Juni. Hakuna aliyepona. Kila tukio lina uchunguzi na mazingira yake, na si haki kuyapa yote sababu moja. Ramani, hata hivyo, ni ile ile: ndege ndogo, ardhi inayopanda ghafla, na wingu lililoikalia.

Majira nayo yana tabia zake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, asubuhi huweza kuwa safi, kisha mawingu ya radi yakajengeka mchana na kuporomoka alasiri. Juni hadi Agosti hakuna radi nyingi, lakini Nairobi na nyanda za juu hufunikwa asubuhi na wingu la chini lililotanda kama blanketi, na vilima vya Ngong hupotea machoni kabisa. Ziwa Victoria hufuata saa nyingine. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka kila upande na kukutana ziwani, hewa hupanda, na dhoruba huzaliwa wakati watu wamelala, hivyo anayetua mapema kando ya ziwa huweza kupokewa nayo. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika mvua na upepo, na watu 19 wakapoteza maisha. Ndege ile haikuwa ndogo sana, ilikuwa ATR 42 yenye marubani wawili. Kama hiyo inayumbishwa, Cessna yenye rubani mmoja isemeje?

Juu ya hayo kuna jua. Karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na magharibi ni fupi. Viwanja vya mbugani havina taa, kwa hiyo ndege ya macho lazima iwe imetua kabla ya hapo. Radi za masika huanza kukomaa saa tisa alasiri. Kati ya saa tisa na saa kumi na mbili na nusu ndipo rubani aliyecheleweshwa na mgeni aliyetaka kumwona simba kwa mara nyingine anapojikuta na dhoruba mbele na usiku nyuma. Hakuvunja sheria yoyote. Amekubali kuchelewa tu, na kila dakika aliyoikubali imemfungia njia moja.

Mistari isiyoonekana

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Ibara ya 9 inaruhusu nchi kufunga sehemu za anga kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma, kwa sharti kwamba maeneo hayo yawe ya ukubwa unaostahili na yasisumbue safari bila sababu. Ramani za marubani huyagawa maeneo hayo katika makundi matatu. La kwanza ni anga lililopigwa marufuku, ambalo haliingiwi. La pili ni anga lenye masharti, linaloingiwa kwa ruhusa au kwa saa fulani. La tatu ni anga la hatari, ambamo huenda kuna mizinga, mazoezi ya ndege za kivita au milipuko. Kila eneo hupewa herufi za nchi yake, HK kwa Kenya na HT kwa Tanzania, kisha P, R au D, kisha namba.

Hayo ya kudumu yamechorwa, na rubani makini anayajua. Yanayosumbua ni ya muda, yanayotangazwa kwa taarifa fupi za marubani zinazojulikana kama NOTAM. Julai 2015, Barack Obama alipozuru Nairobi, ilitangazwa kwamba anga kutoka ardhini hadi futi 20,000 lingefungwa kwa dakika 50 wakati wa kuwasili kwake na kwa dakika 40 wakati wa kuondoka. Kwa ndege kubwa yenye mafuta ya saa nyingi, dakika 50 ni usumbufu. Cessna inayorudi Wilson na mafuta ya saa moja na kidogo, huku wingu likishuka Ngong, inaweza kuzihesabu kama sehemu kubwa ya uhai wake.

Nairobi penyewe ni pembamba. Uwanja wa Jomo Kenyatta, uwanja wa Wilson na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh viko ndani ya jiji moja, na kila kimoja kina njia zake za kupaa na kutua. Ndege ndogo hupewa vichochoro na vimo maalumu vya kupita, nyingi zikielekezwa juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kichochoro huziweka mbali na ndege kubwa, lakini pia huzirundika pamoja. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana juu ya hifadhi hiyo na Dash 8 iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani. Dash 8 ilirudi ikatua salama, na wawili waliokuwa kwenye Cessna, mwalimu na mwanafunzi, wakafa. Hapo hata wingu halikuhitajika. Siku wingu likishuka hadi futi mia kadhaa juu ya kichochoro, kimo cha juu hakitumiki tena, na wote hubaki kugombea kile cha chini.

Mpaka wa nchi nao ni ukuta wa aina yake. Maasai Mara na Serengeti ni nyika moja. Nyumbu huvuka bila pasipoti. Ndege ndogo haivuki hivyo. Kwa miaka mingi mgeni anayetoka Mara kwenda Serengeti amekuwa akirushwa hadi Migori, akavuka mpaka kwa gari kupitia Isebania na Sirari, kisha akapanda ndege nyingine Tarime. Utaratibu huo una sababu zake za uhamiaji, ushuru na biashara. Lakini mfikirie rubani aliye Mara, dhoruba imesimama kaskazini na mashariki, na upande wa kusini, kilomita chache tu, anga la nchi jirani ni jeupe. Kila alichofundishwa kuhusu mipaka kinamwambia asivuke, na wingu linamwambia avuke.

Kwenye maeneo ya vita kosa la aina hiyo hulipiwa papo hapo. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya Kenya aina ya Embraer 120, iliyobeba vifaa vya kupambana na korona, ilidunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia. Watu 6 walikufa. Ethiopia ilikiri kwamba askari wake waliokuwa hapo ndio waliofyatua. Hawakuwa na taarifa ya safari ile, ndege iliruka chini tena kwa njia isiyo ya kawaida, wakadhani inakuja kujilipua. Mkataba wa Chicago ulikuwa umekwisha kuongezewa Ibara ya 3 bis mwaka 1984, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kuangushwa na ndege ya kivita ya Urusi ya Kisovyeti, kusisitiza kwamba silaha zisitumike dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Askari mwenye hofu aliye chini hasomi ibara, hutazama ndege inakuja kwa kimo gani na kutoka wapi. Na ndege ndogo inayokwepa mawingu ndiyo hasa inayoruka chini na kutokea upande usiotarajiwa.

Marekani, yenye ndege ndogo nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, inaonyesha kosa hilo kwa sura nyepesi zaidi. Baada ya Septemba 11, 2001, Washington ilizungushiwa eneo la masharti ambalo leo lina nusu kipenyo cha maili 30 za baharini, kama kilomita 55. Tarehe 11 Mei 2005 Cessna 150 yenye watu wawili ilipotea njia ikaingia hadi karibu na Ikulu. Ndege za kivita za F-16 zilirushwa zikaachia fataki za onyo, na maelfu ya watu wakakimbizwa nje ya Bunge na Ikulu. Mamlaka ya anga ilimnyang'anya rubani leseni, ikieleza kwamba hakuangalia taarifa ya hali ya hewa wala NOTAM kabla ya kuruka. Makosa mawili yaliyotajwa ni ya masomo mawili tofauti, na mzizi wake ni mmoja: safari ilianza bila picha ya njia nzima.

Vyote vinapokutana

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi jinsi wingu na mpaka wa anga vinavyoshikana ni la helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant, binti yake Gianna na watu wengine 7 huko Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020. Helikopta si ndege ya mabawa, lakini maamuzi ya rubani wake yalikuwa yale yale. Safari ilikuwa ya macho. Wingu lilikuwa chini kiasi kwamba polisi wa Los Angeles walikuwa wamezuia helikopta zao zisiruke. Ili apite eneo la uwanja wa Burbank rubani alihitaji ruhusa maalumu ya kuruka kwa macho chini ya kiwango cha kawaida, na kwa kuwa uwanja ulikuwa na ndege nyingine, alisubirishwa akizunguka juu ya Glendale kwa zaidi ya dakika 10. Kisha akaruhusiwa kupita, akafuata barabara kuu kuelekea magharibi, ambako vilima vilipanda na wingu likabaki pale pale.

Mwishoni alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda hadi futi 4,000 ili atoke juu ya wingu. Chombo kilifika takriban futi 2,370, kikageuka kushoto na kushuka kwa kasi huku yeye akiamini bado anapanda. Alikuwa na zaidi ya saa 8,000 za kuruka. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilihitimisha mwaka 2021 kwamba chanzo ni uamuzi wake wa kuendelea kwa macho ndani ya wingu, uliomfanya apotewe na mwelekeo. Ilitaja shinikizo alilojiwekea mwenyewe na usimamizi dhaifu wa kampuni, na haikuona ushahidi kwamba mteja alimlazimisha. Kampuni yenyewe ilikuwa na kibali cha kubeba abiria kwa macho tu.

Bodi haikuulaumu mfumo wa ruhusa, na ilikuwa sahihi kisheria. Hata hivyo, mchambuzi anaweza kuona jambo jingine. Kila ruhusa iliyotolewa ilimwambia rubani kwamba safari bado inawezekana. Kila dakika aliyosubiri iliongeza gharama ya kurudi. Mwongoza ndege alikuwa akishughulikia nafasi kati ya vyombo na hakuwa mwamuzi wa wingu. Rubani aliyepata ruhusa huweza kuisikia kama idhini ya hali ya hewa, ilhali si hivyo. Anga liliporuhusu, alisahau kwamba mlima haujaruhusu.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa mkulima na mfanyabiashara ni ushauri mzuri wa kutokata tamaa. Kwa rubani wa ndege ndogo ni hukumu ya kifo. Kazi yake inamtaka avae nguo tena, mbele ya watu, maji yakiwa tayari yamefika kiunoni.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Teknolojia inasaidia kwa kiasi. Rubani wa leo ana kishikwambi chenye ramani inayoonyesha alipo, mistari ya anga lililofungwa na hata vilima kwa rangi. Kifaa hicho kimepunguza kupotea njia, lakini pia humpa mtu ujasiri wa kujipenyeza mahali ambapo zamani angegeuka. Tanzania imefunga rada nne za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, hatua kubwa kwa nchi yenye ukubwa wake. Rada, hata hivyo, huona kwa mstari ulionyooka. Cessna iliyojificha bondeni nyuma ya mlima, ikikwepa wingu, haionekani wakati ule ule ambapo inahitaji kuonekana.

Kuna vitu vya bei nafuu zaidi. Huko Alaska, ambako vijiji vingi havina barabara, mamlaka ya anga ya Marekani ilianza mwaka 1999 kuweka kamera kwenye mapito ya milima na viwanja vidogo. Rubani huangalia picha mpya kila baada ya dakika chache kabla hajapaa. Hahitaji kuruka dakika 40 ili aone kwamba mwanya umeziba. Kingo za Ngorongoro, mabega ya Aberdare, Ngong na Marsabit zinastahili kamera za namna hiyo, na mtandao wa simu tayari umefika sehemu nyingi za nchi hizi.

Kitu cha pili ni sheria inayomruhusu mtu kusema. Kanuni za kimataifa zinamruhusu rubani kukiuka utaratibu pale usalama unapolazimisha kabisa, na Ibara ya 25 ya Mkataba wa Chicago inazitaka nchi zisaidie ndege iliyo katika dhiki ndani ya anga lao. Kuna masafa ya dharura 121.5, kuna namba 7700 ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na kabla ya kilio cha "Mayday" kuna kile cha "Pan-pan", kinachosema nina tatizo lakini bado sijafa. Njia ya kutokea ipo kisheria. Wanaoitumia mapema ni wachache kwa sababu wanaogopa barua ya kujieleza, faini, au kuonekana waoga mbele ya wenzao. Marekani ina mpango tangu mwaka 1976, unaoendeshwa na NASA, ambapo rubani anayeripoti kosa lake lisilo la makusudi husamehewa adhabu, na maelezo yake huwa somo kwa wengine. Mamlaka zetu zinahitaji ulinzi wa aina hiyo uandikwe na uaminike, si uahidiwe kwenye semina.

Kitu cha tatu kiko mikononi mwa wanaofunga anga. Kufunga kuna haki yake. Hakuna anayetaka Cessna izurure juu ya kambi ya silaha. Ila kila eneo linalofungwa liulizwe swali la hali ya hewa: siku ya wingu, ndege iliyokataliwa hapa itakwenda wapi? Kama jibu ni mlimani, mstari umechorwa vibaya. Taarifa zitolewe mapema, muda uwe mfupi iwezekanavyo, na mwongoza ndege awe na mamlaka ya kumpitisha aliye taabani bila kungoja simu ya mkubwa.

Rubani mwenyewe ana jambo moja lisiloweza kufanywa na mwingine, nalo ni kuamua chini, kwa namba, kabla ya kuwasha injini. Wingu likiwa chini ya futi kadhaa sitoki. Nikishuka mara ya pili kulikwepa, narudi. Saa kumi ikifika sijaondoka Seronera, kiwanja cha Serengeti, nalala Seronera. Namba iliyoandikwa asubuhi haina aibu wala haraka ya jioni. Makampuni yaheshimu namba hizo kwa vitendo: anayerudi alipwe sawa na anayefika, na asiulizwe kwa nini mbele ya wateja.

Na wewe abiria una sehemu yako. Mtalii, mbunge, daktari, mfanyabiashara anayewahi mkutano, ndiwe unayeketi nyuma ya rubani na kutazama saa. Akikwambia leo haturuki, au tunarudi tulikotoka, usimwombe ajaribu. Mshukuru, tafuta pa kulala, uondoke kesho.